Sura ya 4: Faili Langu Liko Wapi?

Swali hili huulizwa kila siku ya kazi kwenye madirisha ya ofisi za umma, kuanzia halmashauri za wilaya hadi wizarani Dodoma. Huuliza mwalimu anayefuatilia kupandishwa daraja. Huuliza mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe. Huuliza mzee aliyeandika barua kuhusu kiwanja chake akaambiwa atajibiwa kwa maandishi.

"Mwanangu, faili langu liko wapi?"

"Shikamoo mama. Bado halijaonekana. Njoo kesho."

Anayetoa jibu hilo ni kijana wa ngazi ya chini kabisa katika jengo zima. Saini yake haipitishi jambo lolote, wala hakuna mlango ulioandikwa cheo chake. Lakini lawama zote humwangukia. Mwananchi akichoka humwita mzembe, na mkuu wake akibanwa na mwananchi humwita mzembe vilevile.

Katika sura hii tutaingia nyuma ya dirisha. Tutaona kijana huyu ameajiriwa afanye nini, nani anatakiwa kumsimamia, na usimamizi huo hukatikia wapi. Ninachoamini nakisema mapema: mafaili mengi yasiyoonekana hayaonekani kwa sababu karani amekabidhiwa wajibu wa kuyatunza bila kukabidhiwa haki ya kuyadai. Hilo ni jambo la wakubwa, na wakubwa wanaweza kulirekebisha.

## Watu watatu ambao mwananchi huwachanganya

Ukiingia ofisi ya serikali nchini Tanzania utakutana na watumishi watatu wa ngazi ya mwanzo, na wananchi wengi huwaita wote makarani.

Wa kwanza ni msaidizi wa kumbukumbu. Kituo chake ni masijala, yaani chumba ambamo barua zote zinazoingia na kutoka hupokelewa, huandikishwa na kutunzwa. Ofisi nyingi zina masijala mbili. Ya wazi hushughulikia mambo ya kawaida, na ya siri hushughulikia yale ambayo watu wachache tu wameruhusiwa kuyaona.

Wa pili ni mwandishi mwendesha ofisi, ambaye kwa miaka mingi tulimjua kama katibu muhtasi. Huyu hukaa mlangoni kwa mkubwa. Hupokea simu na wageni, hupanga miadi na kuchapa barua.

Wa tatu ni mhudumu wa ofisi, ambaye wazee wetu walimwita tarishi. Hufungua vyumba asubuhi, huandaa chai, na hubeba mafaili na barua kutoka meza hadi meza.

Kwenye kampuni binafsi majina hubadilika, yakawa karani wa stoo, karani wa ankara au mpokea wageni, ila mahitaji ya usimamizi hayatofautiani sana. Sura hii itakaa zaidi masijala, kwa kuwa faili hutoka huko na hutakiwa kurudi huko.

Kazi ya masijala inasomewa. Msaidizi wa kumbukumbu anatakiwa awe na mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, na wengi huyapata Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye kampasi Dar es Salaam, Tabora, Mtwara na miji mingine. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na vijana wengi sana huziomba. Anayefika dirishani amepita kwenye mchujo. Ukimwona anababaika, usikimbilie kudhani kwamba hajui kitu.

Wala kazi hii si ya watu wadogo. Shaaban Robert, mwandishi ambaye kila mtoto wa shule anamjua, aliajiriwa karani wa forodha mwaka 1926 na kuendelea hadi 1944, kisha akahudumu katika ofisi nyingine za serikali, ikiwemo ya wilaya ya Tanga. Martin Kayamba, naye mtu wa kalamu na rejista huko Tanga, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika mwaka 1922, na mwaka 1931 alisafiri hadi London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Watu wa aina hiyo walikaa kwenye meza zile zile ambazo leo tunawaweka vijana na kuwaambia wasubiri kutumwa vitafunwa.

## Barua moja, kutoka dirishani hadi kabatini

Njia nzuri ya kuelewa majukumu ya karani ni kuifuata barua moja. Tuseme mwalimu wa shule ya msingi ana miaka 59. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60, hivyo ameanza kukusanya nyaraka zake kwa ajili ya mfuko wa pensheni, PSSSF. Anagundua kwamba hana nakala ya barua ya kuthibitishwa kazini. Anaiandikia halmashauri kuomba nakala, kisha anaileta mwenyewe dirishani.

Haya ndiyo yanayotakiwa kufanyika:

1. Karani anaipokea barua na kuigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mwalimu akija na nakala yake, nayo inagongwa muhuri. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wake.
2. Anaiandika kwenye rejista ya barua zinazoingia: tarehe, ilikotoka, inahusu nini, na namba ya jalada itakamoingia. Jalada ni lile lile ambalo mitaani tunaliita faili.
3. Analitafuta jalada binafsi la mwalimu kwenye reki, kwa namba.
4. Anaitoboa barua, anaifunga kwa uzi upande wa kulia wa jalada, na kuiandika namba juu pembeni. Namba hiyo huitwa folio. Kama barua ya mwisho ilikuwa folio 41, hii ni 42.
5. Upande wa kushoto, kwenye karatasi ya madokezo, anaandika sentensi fupi ya kumwelekeza afisa asome folio 42 na kutoa maelekezo. Dokezo ni maandishi ya ndani ya ofisi, yanayopita kati ya mtumishi na mtumishi.
6. Kabla jalada halijatoka chumbani, anaandika kwenye kadi yake limekwenda kwa nani na tarehe gani. Kadi inabaki masijala.
7. Afisa akimaliza, jalada linarudi, kadi inaandikwa, na barua ya majibu inatoka ikiwa na kumbukumbu namba. Inasainiwa kwenye kitabu cha dispachi na anayeipokea.

Hatua saba, na hakuna hata moja iliyo ngumu. Ugumu uko kwenye kuzirudia bila kuruka hata moja, kwa barua ya kwanza asubuhi na kwa ile ya mwisho alasiri, siku ambayo watu wamejaa dirishani na mkurugenzi anapiga simu akitaka jalada "sasa hivi".

Tuzitazame kwa karibu hatua mbili.

Ya kwanza ni ile ya tatu, kulitafuta jalada kwa namba. Halmashauri yenye watumishi mia kadhaa haikosi Hamisi Juma wawili, na haikosi Juma Hamisi. Karani akitafuta kwa jina, ipo siku barua ya mmoja itafungwa kwenye jalada la mwingine. Barua hiyo haijapotea, ipo, imefungwa vizuri na kupewa folio. Kwa hiyo hakuna atakayeiona kamwe mpaka mtu aguse jalada lile kwa shughuli nyingine, pengine miaka sita baadaye. Ndiyo maana kila mtumishi ana cheki namba, namba yake ya kwenye orodha ya mishahara, na karani mzuri huilinganisha namba hiyo kabla ya kutoboa karatasi.

Ya pili ni ile ya sita, kadi. Jalada likitoka bila kadi kuandikwa, tangu dakika hiyo hakuna mtu anayejua lilipo isipokuwa aliyelichukua. Naye akihamishiwa wilaya nyingine, ujuzi huo unahama naye.

Barua ya mwalimu ya kuthibitishwa kazini huenda iliandikwa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Ikikosekana, ataanza kuhangaika kwenda na kurudi wakati ambapo mshahara wake unakaribia kukoma. Karani aliyeruka hatua moja zamani zile hayupo tena. Anayelipa ni mwalimu.

Kwa ufupi: karani wa masijala anailinda njia ya karatasi. Wakati wowote anatakiwa aweze kusema barua iliingia lini, iko kwenye jalada gani, na jalada hilo liko kwa nani.

## Mstari wa mwisho wa orodha

Chukua tangazo lolote la kazi za umma usome orodha ya majukumu. Utakuta kupokea, kuandikisha, kuchambua, kupanga kwenye reki, kutafuta zinapohitajika. Halafu mwishoni kabisa utakuta mstari unaofanana kila mahali: kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake.

Mstari huo una sababu yake nzuri. Ofisi haiwezi kuorodhesha kila kitu, na karani akisaidia kupanga viti siku ya kikao hajaonewa. Lakini katika ofisi nyingi mstari huu umemeza orodha nzima. Kijana aliyesomea kumbukumbu anatumwa benki. Anatumwa kununua chapati. Anatumwa kumchukua mtoto wa bosi shuleni saa nane. Wakati huo masijala imefungwa au imeachwa kwa mtu asiyejua namba, afisa anaingia na kujichukulia jalada mwenyewe, na kadi haiandikwi. Mwezi unaofuata jalada halionekani na karani anaandikiwa barua ya kujieleza.

Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na nalisema hivyo hivyo. Mkuu anayemwondoa mlinzi langoni hana haki ya kumuuliza kilichoibiwa saa ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa amemtuma.

Dawa yake ni ya kawaida sana. Masijala isibaki bila mtu anayeijua saa za kazi. Akitumwa mmoja, abaki mwingine, na kama ni mmoja tu, asitumwe. Shughuli za binafsi za mkubwa hazimo kwenye mstari wa mwisho, hata ukiusoma kwa upana namna gani.

Kwa waajiri binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, mahali pa kazi, saa zake na malipo yake. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Karani anayebakizwa hadi usiku kila mwisho wa mwezi kufunga hesabu za duka la jumla, kisha akaambiwa "ndiyo kujifunza huko", anadai haki, haombi fadhila. Na mwenye duka akumbuke jambo moja la kumlinda yeye mwenyewe: anayeshika fedha ndogo ndogo za ofisi asiwe ndiye anayeziandika kitabuni.

## Mwaka wa majaribio hutumikaje?

Mtumishi mpya wa umma huwa kwenye majaribio kwa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa. Kipindi hicho kimewekwa ili pande zote mbili zijipime. Kwa bahati mbaya, sehemu nyingi hupita hivi: siku ya kwanza kijana anatambulishwa kila chumba, siku ya pili anaonyeshwa kiti, na siku ya tatu aliyemtangulia anakwenda likizo. Anachojifunza anajifunza kwa makosa, na makosa yenyewe yanafanyika kwenye majalada ya watu.

Nilimfahamu msimamizi mmoja wa masijala, mama aliyekuwa amekaribia kustaafu, aliyekuwa na utaratibu wake. Wiki ya kwanza karani mpya haandiki kitu kwenye rejista. Asubuhi mama anampa barua kumi za zamani ambazo zimeshashughulikiwa, zikiwa nakala zisizo na namba, na kumwambia: "Mwanangu, hebu niambie kila moja inakwenda jalada gani." Kijana anapekua orodha ya majalada, anaandika majibu yake kwa penseli, kisha wanakaa pamoja kuyalinganisha na ukweli. Barua ya mtumishi anayeomba ruhusa ya masomo, je, inaingia jalada lake binafsi au jalada la mafunzo? Kijana anajibu. "Kwa nini?" anauliza mama. Anajibu tena. "Na mkuu wa idara akiitafuta mwakani, atauliza jina la mtu au atauliza habari za mafunzo?" Hapo kijana ananyamaza kidogo, halafu anasema atauliza jina. "Haya basi, weka anapoitafuta yeye."

Wiki ya pili kijana anaandika, mama anakaa pembeni. Jioni, kabla ya kufunga, anamtajia namba tatu za majalada na kumwambia amletee mezani. Likichelewa mojawapo, hawaondoki mpaka wajue kwa nini. Wiki ya tatu kijana anakaa dirishani peke yake, na mama yuko chumba kile kile akifanya shughuli zake, sikio likiwa kwa wateja.

Katika wiki hizo hizo anamfundisha pia kufunga mdomo. Karani wa masijala anajua mshahara wa kila mtu, ugonjwa wa kila mtu, nani ameandikiwa onyo na nani ana kesi ya talaka inayodai makato ya mshahara. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kupiga picha ukurasa wa jalada la mtu kwa simu na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp si umbea tu tena. Kijana aelezwe hivyo kwa maneno, siku za mwanzo, asisubiri kuusikia mkasa huo ukimpata mwenzake.

Kwa wiki tatu za msimamizi mmoja, ofisi inapata miaka 30 ya kazi safi. Sijui uwekezaji mwingine wa ofisini unaoukaribia huo.

## Msimamizi anatazama nini?

Katika halmashauri, karani yuko chini ya msimamizi wa masijala, naye yuko chini ya afisa utumishi na mkuu wa utawala na rasilimali watu. Kwenye karatasi mnyororo huo umenyooka. Ukweli ni kwamba wakuu wengi hawaingii masijala mpaka pawe na tatizo, na wakiingia huingia na sauti. Kelele haimsaidii mtu kulipata jalada.

Usimamizi wa kweli unafanyika kwenye rejista. Yule mama alikuwa akiifungua kila Ijumaa na kuchagua mistari mitano bila mpangilio, mmoja wa Jumatatu, mwingine wa juzi, basi. Kwa kila mstari aliuliza: barua iko wapi? Wakati mwingine kadi ilisema jalada liko kwa afisa elimu, na mama alimtuma kijana akathibitishe kwa macho. Mistari mitano ikikubali, wiki imekwenda vizuri. Mmoja ukikataa, hakuanza na kijana. Alianza na hatua. Imerukwa ipi kati ya zile saba, na kwa nini ilirukwa siku ile?

Nasisitiza "bila mpangilio" kwa sababu karani akijua utakagua barua za mkurugenzi tu, ataziandika hizo kwa uangalifu, na barua ya mwalimu itasubiri.

Tathmini ya mwaka nayo ina nafasi yake. Kuanzia 2004 watumishi wa umma walijaza fomu za OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji, ambamo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha na kuyapima mwishoni. Siku hizi kazi hiyo inafanyika kwa kompyuta kupitia mfumo wa PEPMIS. Mfumo wowote unategemea lengo limeandikwaje. Lengo la "kuboresha utunzaji wa kumbukumbu" halipimiki, na kila Juni litapewa alama yoyote kulingana na uhusiano wa wawili hao. Lengo la "barua zote ziandikishwe siku zilipopokelewa" linapimika kwa kufungua rejista na kulinganisha tarehe mbili.

Kwa ufupi: msimamizi afundishe kabla ya kudai, akague rejista kila wiki kwa mistari michache, na aandike malengo ambayo mtu wa tatu anaweza kuyahakiki.

## Anapokosea

Makosa ya karani yako ya aina tatu, na kuyachanganya kunaharibu watu.

Kuna kosa la kutojua. Barua imeingizwa jalada lisilo lake kwa sababu hakuna aliyemweleza orodha ya majalada ilivyopangwa. Hapa anafundishwa, na msimamizi anajiuliza nani mwingine hajafundishwa.

Kuna kosa la uzembe. Anajua, alionyeshwa, aliandika siku zote, na wiki hii hakuandika. Hapa anaitwa faraghani, anaambiwa, na likijirudia anaandikiwa. Afisa anayemkaripia karani dirishani mbele ya wananchi amemvunjia heshima kijana, na amewafundisha wananchi kwamba ofisi nzima haina adabu.

Na kuna kosa la makusudi. Jalada limefichwa ili mwenye shida "aongee vizuri". Hilo ni rushwa kwa Sheria Na. 11 ya mwaka 2007, na mahali pake ni TAKUKURU. Vilevile, kuharibu kumbukumbu za umma bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Msimamizi anayelimaliza jambo kama hilo kimyakimya kwa kumhamisha karani dawati amelihamisha tatizo pamoja naye. Ila atangulie kuangalia kadi. Nimesikia vijana wakiitwa wala rushwa kwa jalada ambalo muda wote lilikuwa ndani ya gari la mkubwa.

Mifumo ya ofisi mtandao, inayosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, imepunguza sehemu ya shida hii. Barua inachanganuliwa, inaingizwa kwenye mfumo, na kila aliyeipokea anaonekana kwa jina na saa. Karani bado ndiye anayeamua barua inaingia jalada gani, na Hamisi Juma wawili wanachanganyika kwenye kioo kama walivyochanganyika kwenye reki. Na majalada ya karatasi ya miaka 30 iliyopita, yale anayoyahitaji mwalimu wetu, mengi bado ni karatasi.

## Jalada lililo mezani kwa mkubwa

Sasa turudi kwenye lile nililolisema mwanzo. Ukifanya msako katika ofisi ambayo mafaili "hayaonekani", hutayakuta mengi masijala. Utayakuta kwenye droo za maofisa, juu ya makabati, chini ya meza ya mtu aliyehamishwa, nyumbani kwa mtu aliyesema atalimalizia wikiendi. Karani anajua, au anahisi. Lakini msaidizi wa kumbukumbu mwenye miaka 24 hawezi kugonga mlango wa mkuu wa idara na kusema, "Shikamoo mzee, naomba jalada ulilochukua Machi." Akithubutu, ataulizwa yeye ni nani. Kwa hiyo anarudi dirishani na kumwambia mama njoo kesho, maana kusema ukweli kutamgharimu kazi.

Hapo ndipo usimamizi wote hukatikia. Haki ya kulidai jalada lazima itoke juu, kwa maandishi, kwa kuwa kijana hawezi kujipa mwenyewe. Inatosha waraka wa ndani wa ukurasa mmoja wenye mambo matatu.

La kwanza, kila Ijumaa saa 4 asubuhi mtu wa masijala atapita vyumba vyote kuhesabu majalada na kuyaandika yalipo, na chumba cha mkurugenzi kikiwemo. Zoezi hilo ni sensa ya majalada, na kwa halmashauri ya kawaida halimalizi asubuhi nzima.

La pili, jalada lililokaa kwa afisa siku saba bila maelezo linarudi masijala siku hiyo hiyo. Akilihitaji tena ataliomba tena, na kadi itaandikwa.

La tatu, anayehamishwa, anayestaafu au anayekwenda likizo ndefu hakabidhi ofisi mpaka masijala isaini kwamba hana jalada lolote.

Wiki za mwanzo kutakuwa na manung'uniko, hasa kutoka kwa waliozoea kulifanya kabati la ofisi kuwa la kwao. Msimamizi wa masijala ampeleke karani na waraka mkononi, waende wawili, wapite kila mlango, na kila mwenye chumba asaini orodha yake. Mkurugenzi asaini ya kwanza. Akishasaini yeye, hakuna mkuu wa idara atakayemuuliza kijana yeye ni nani.

Waraka huo hauhitaji bajeti wala mafunzo ya Arusha. Unachapwa kwa robo saa na mwandishi mwendesha ofisi aliyeko pale mlangoni, na mkurugenzi anayesoma sura hii asubuhi anaweza kuusaini kabla ofisi haijafungwa saa 9:30 alasiri.